Falanga za koperative zisinunue mitungi ya shaba



Tangu tuuze mahindi, neno moja linarudi katika kila mukutano: koperative itoe falanga inunue mitungi ya shaba ya kuwekea maji ya kunywa. Wachuuzi wanapita vijijini, wanasema maji yakilala ndani ya shaba yanakuwa dawa. Mimi ninakataa. Lakini sitawaita waongo, maana ndani ya maneno yao kuna kweli.

Wahindi wanaweka maji katika vyombo vya shaba tangu zamani sana. Mwaka 2012 watafiti wa kule India walitangaza kwamba waliweka maji yenye vijidudu vya kuhara, hata kile cha kolera, ndani ya vyungu vya shaba kwa masaa 16. Vijidudu havikuonekana tena. Shaba iliyoingia katika maji ilibaki chini ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 2 kwa litri moja.

Sawa. Sasa tuangalie kwetu nyumbani. Masaa 16 ni kusema ukijaza saa kumi na mbili ya jioni, hakuna kugusa mpaka saa ine ya asubuhi. Nyumba ya watu nane, nani atangoja? Watoto wanaamka wanachota. Mama anaona mtungi unapungua, anamwaga maji mapya ya mto juu ya yale ya jana, na hesabu inaanza tena kwa sifuri. Kikombe kinaingia na vidole vyote. Na maji ya masika yenye matope? Shaba haichuji kitu.

Mama mmoja aliniuliza: “Muzee, shaba ni ya kwetu, namna gani itatuumiza?” Ni kweli, jimbo lenyewe liliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997. Lakini mtungi wa sokoni umeyeyushwa kutoka nini? Radiatore za zamani, mabomba, nyaya za umeme zilizokatwa usiku. Radiatore zinaungwa kwa risasi, na risasi inaharibu akili ya mtoto. Kwa macho hautaiona. Tena siku moja mtu atatia munkoyo ao maji ya ndimu ndani ya mtungi ule. Uchachu unakula shaba, wanywaji wanatapika na tumbo linauma, na kijiji kizima kinasema kolera imerudi.

Sisi watu wa pande za Bukama na Kalemie hatuwezi kucheza na neno lile.

Kwa bei niliyosikia ya mtungi mmoja, koperative inapata bidoni kadhaa zenye kifuniko na robine, na klori juu yake. Tia klori kama reko alivyofundisha, ngoja dakika 30, kunywa. Kama klori hakuna, chemsha mpaka maji yatokote vizuri. Najua kuni ni kazi ya wamama, ndiyo maana ninaanza na klori.

Mwenye kuwa na mtungi tayari asiutupe. Aweke ndani maji safi tu, asitie klori humo, kwa sababu klori inakula shaba na yenyewe inapoteza nguvu. Akiona ukungu wa kijani, asugue kwa ndimu na asuuze sana.

Siku ya kura, mimi nitainua mkono upande wa bidoni.