Ukurasa wa Kazi: Masoni na kreyo yake

Ndugu msomaji, wewe unayeshika mwiko kila siku huko Kolwezi, Likasi, Kipushi ao Lubumbashi, leo tunataka kuzungumza na wewe. Tunazungumza na wazazi pia, kwa maana mara nyingi ni baba ao mama ndiye anamwambia kijana: "Mambo ya plani ni ya batu ya biro, haiko ya sisi."

Umasoni ni kazi njema, unalisha nyumba nyingi. Lakini unakula mwili. Mtu wa miaka 20 anabeba mfuko wa simenti wa kilo 50 akicheka. Mtu wa miaka 45 anautazama kwanza vizuri kabla ya kuinama. Na mvua ya kwetu unaijua. Kutoka mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3 shantye inasimama mara kwa mara, na mwenye kulipwa kwa siku, siku ya mvua anarudi nyumbani mikono mitupu. Kapita naye hana la kufanya. Ndiyo maana vijana wengi wanauliza: kuko njia ya kutoka kwenye kubeba mpaka kwenye kuchora, pasipo kuacha kazi inayolisha watoto?

Njia iko, na wewe masoni haukuanza kwenye sifuri.

Angalia. Bloke ya kawaida, pamoja na jointi yake, inachukua sentimita 40. Ukuta wa mita 3,60 unaenda na bloke 9 nzima. Ukuta wa mita 3,50 unakulazimisha kukata bloke kwa kila mstari, tangu chini mpaka juu, na vipande vinatupwa. Desinatere ambaye hajashika bloke anaandika 3,50 pasipo kuwaza. Wewe mkono wako unajua. Vilevile na ngazi. Sema kuna mita 2,89 tangu sakafu ya chini mpaka ya juu: ni madaraja 17 ya sentimita 17. Kanuni ya mafundi inasema: kimo mara mbili, ongeza upana wa kukanyagia, upate karibu 63. Basi 34 na 29. Madaraja 17 yana makanyagio 16, na 16 mara 29 ni mita 4,64. Kama chumba kina mita 4, ngazi hiyo haiingii ikienda moja kwa moja, hata plani iwe nzuri namna gani. Masoni ngapi wamesimama mbele ya plani namna hiyo, wanakuna kichwa?

Sasa kitu ambacho hauna bado. Hauna eshele: kujua kwamba kwenye 1/50 ukuta wa mita 3,60 unakuwa sentimita 7,2 kwenye papiye, na kwenye 1/100 unakuwa 3,6. Hauna kupe, maana yake nyumba iliyokatwa kama mkate ili tuone ndani. Pengine haujaelezwa kwamba plani yenyewe ni kupe pia: tunakata nyumba ya kuwaza kwa kimo cha mita 1 hivi juu ya sakafu, tunatazama toka juu. Ndiyo sababu kuta zinachorwa kwa mstari mnene (zimekatwa) na madaraja ya mlango kwa mstari mwembamba (yanaonekana tu chini). Mtu akishaelewa neno hili moja, nusu ya plani inafunguka. Mambo haya yote yanaweza kufundishwa kwa mbali. Mkono wa umasoni ndio hauwezi kutumwa kwa posta, na huo unao tayari.

Tuwape habari ya jamaa moja ya Marekani, watu weusi wa jimbo la Tennessee, jamaa ya McKissack. Moses McKissack wa kwanza alikuwa mtumwa aliyetoka Afrika ya Magharibi. Bwana wake alikuwa mtu wa ujenzi, na kwake alijifunza kujenga. Mwana wake akawa seremala, akasifiwa sana kwa ngazi zake. Kisha wakaja wajukuu, Moses wa tatu (1879–1952) na mdogo wake Calvin. Siku zile mtoto mweusi hakuweza kuingia shule yoyote anayotaka. Moses akafanya kazi kwa arshitekte mmoja mzungu wa mji wao wa Pulaski, akimsaidia kuchora na kusimamia shantye. Mwaka 1905 akafungua kazi yake mwenyewe huko Nashville, na mwaka 1908 akapewa kujenga nyumba ya vitabu ya chuo kikuu cha Fisk. Masomo ya arshitekture, yeye na Calvin waliyapata kwa barua.

Mwaka 1921 jimbo la Tennessee likatoa sheria: asiye na kibali asijiite arshitekte. Wale ndugu wawili wakaomba, wakapata, wakawa kati ya watu weusi wa kwanza kule kuwa na kibali hicho. Wakajenga mashule na makanisa mengi. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwapa kandarasi ya dola milioni 5,7 kwa kiwanja cha ndege cha Tuskegee, pahali walipofundishwa marubani weusi wa vita. Toka mtumwa mjenzi mpaka huko, ni vizazi vitatu. Angalieni vizuri: hawakutupa mwiko ili washike kreyo. Walivishika vyote viwili, na kompani yao ilichora na kujenga.

Na masomo ya barua yenyewe yanatuhusu sisi watu wa mine kuliko tunavyofikiri. Moja ya mashule makubwa ya namna hiyo ilizaliwa Scranton, katika jimbo la Pennsylvania, mji wa makaa ya mawe. Mwenye gazeti mmoja, Thomas J. Foster, aliona wachimbaji wanakufa chini ya udongo, na wale waliotaka kuwa wakubwa wa mine wanaogopa mtihani uliodaiwa na sheria. Akaanza kujibu maulizo yao ndani ya gazeti. Mwaka 1891 akaanzisha masomo kamili: mtu anapokea kijitabu, anafanya zoezi jioni baada ya kazi, anatuma kwa posta, mwalimu anasahihisha kwa wino na kurudisha. Baadaye wakaongeza uchoraji wa mashine na wa nyumba. Maelfu na maelfu waliandikishwa. Tuseme na ukweli wake: walio wengi hawakumaliza.

Sababu ya kutomaliza haijabadilika mpaka leo, hata kama posta imekuwa telefone. Mtu anarudi amechoka, umeme unakatika, mtoto anaugua, mafranga ya megabaiti yanaisha. Kwa hiyo, kabla ya kuandikisha jina, kaa na bibi yako ao na wazazi mkubaliane saa. Jioni tatu kwa juma, saa moja na nusu kila jioni, meza iwe yako na watoto wajue. Mama akiona ni mchezo ataitumia meza kukatia mboga, na ni haki yake. Mabinti, ukurasa huu ni wenu pia: kwenye kuchora hakuna mfuko wa kilo 50.

Jihadhari na wauza diploma. Kabla ya kutoa feza uliza maneno haya: Nani anasahihisha michoro yangu, na atarudisha baada ya siku ngapi? Naweza kulipa kwa sehemu, somo kwa somo? Hati ya mwisho inatambuliwa na nani, hapa kwetu? Shule isiyosahihisha michoro inakuuzia vitabu tu, na vitabu unaweza kuazima. Kama wanaahidi kukufanya "arshitekte" kwa miezi mitatu, funga telefone. Desinatere ni desinatere, arshitekte ni mwengine. Desinatere anaandaa michoro. Arshitekte amesoma miaka mingi na anajibu mbele ya sheria kwa kile alichotia sahihi. Kwa nyumba ya gorofa, hesabu za vyuma na beto ni za injinia, usizibahatishe. Kuanguka kwa nyumba hakuulizi nani alikuwa na nia njema.

Usidharau vya karibu. INPP, iliyoanzishwa na Serikali mwaka 1964, inafundisha kazi za ufundi, na iko Lubumbashi pia. Aliye na diploma ya Serikali na anataka kwenda mbali zaidi, Kinshasa kuko INBTP kwa ujenzi na ISAU kwa arshitekture. Wengine wanaanza na masomo ya mbali, kisha wanaingia huko wakiwa tayari wanajua kusoma plani. Si kupoteza wakati.

Na kompyuta? Leo biro nyingi zinachora kwa programu, na itakupasa kujifunza. Lakini anza na kreyo. Programu itakuchorea mstari ulio sawa hata kama mawazo yako yamepindika, na hautaona kosa mpaka siku ya kumwaga beto.

Zoezi la kwanza haliombi ruhusa ya mtu. Tafuta papiye nne, kreyo mbili (moja ngumu, moja laini), gome, lati na ekere. Chukua mita yako ya shantye, pima nyumba unamolala: kila ukuta kwa ndani, unene wake, kila mlango, kila dirisha na kimo chake toka sakafu. Andika vipimo kwanza kwenye mchoro wa mkono mtupu, usitegemee kichwa. Pima pia toka pembe mpaka pembe, kwa kukingamisha chumba. Vijana wengi wanasahau hilo. Kisha keti, chora kwa 1/50. Nyumba ya mita 8 kwa 10 itakuwa sentimita 16 kwa 20, inaenea kwenye papiye ya kawaida. Kama ukuta wa mwisho unakataa kufunga, usilazimishe na gome. Rudi na mita, tazama vile vipimo vya kukingama: chumba ambacho vyake viwili havilingani hakiko ekere, na nyumba nyingi za zamani ziko hivyo.