Hesabu Inayoishia Gatini Kismayu ni Hesabu Mbovu

Mpango wowote wa chakula unaohesabu kuwa mzigo umefika pale unaposhushwa gatini Kismayu, Somalia, ni mpango mbovu, hata kama umepangwa na kompyuta ghali kuliko zote. Kusini mwa gati hilo, ukifuata pwani hadi Ras Kiamboni, wako watu wa visiwa vya Bajuni: Koyama, Chovai na Chula. Hao hawali hati za kupokelea shehena.

Hatuna ugomvi na hisabati. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, likishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, limejenga chombo kiitwacho Optimus ambacho huamua kwa pamoja mambo yaliyokuwa yakiamuliwa na ofisi mbalimbali: mgawo uwe na nini, unga ununuliwe wapi, upitie bandari gani, watu wapewe chakula au fedha, na yote hayo mwezi kwa mwezi. Nchini Iraki gharama zilishuka kwa asilimia 12 huku asilimia 98 ya lishe iliyolengwa ikibaki palepale. Yemeni chombo hicho kilisaidia kupanga namna ya kuongeza wanaolishwa kutoka milioni 3 hadi milioni 6. Mwaka 2021 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Franz Edelman, nasi tunasema ilistahili. Anayebeza shilingi inayookolewa namna hiyo hajawahi kusimama kwenye foleni ya unga.

Na kama kuna pwani inayohitaji hesabu kali, ni hii. Njaa iliyofikia kilele mwaka 2011 iliua watu wapatao 258,000 kusini na kati ya Somalia, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Barabara ya Mogadishu kuja Kismayu hupita Jilib, ngome ya Al-Shabaab, kwa hiyo ufupi wake kwenye ramani haumsaidii mtu. Bahari nayo ina historia yake: mwaka 2005 meli Semlow, iliyotoka Mombasa na mchele wa msaada kwenda Bosaso, ilitekwa na maharamia. Mahali kama hapa, anayepanga kwa kubahatisha anaua.

Ila mashine hutii ulichoiandikia, wala haijui ulichosahau. George Dantzig, Mmarekani aliyebuni mwaka 1947 njia maarufu ya kutafuta jibu la gharama ndogo kabisa bila kuvunja sharti hata moja, alilijua hilo kwa tumbo lake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitaka kupunguza unene, akaitaka kompyuta impangie chakula cha kumshibisha. Ikampangia, pamoja na vyakula vya maana, galoni 500 za siki. Kwa nini? Takwimu zilionyesha siki haina maji, na yeye alikuwa ameagiza uzito mkubwa usio wa maji. Alipoiondoa siki, ikamjia na vidonge 200 vya supu kwa siku. Bwana huyu hakuinywa siki kwa heshima ya hisabati, na hakuitupa mashine dirishani. Aliweka sharti: vidonge visizidi vitatu.

Visiwa vya Bajuni vikiachwa nje ya mpango, hiyo ndiyo siki yetu. Iambie mashine itafute gharama ndogo kabisa kwa kila tani, usiiambie neno zaidi, nayo itavifuta visiwa bila chuki yoyote. Magunia machache ya kisiwani hubebwa na mashua, si meli. Mashua hungoja maji yajae ndipo ivuke miamba. Kusi ikishika nguvu, Juni hadi Agosti, bahari hufungwa, na gunia lisilovuka mapema halivuki tena hadi upepo ulegee. Nahodha wa Chovai angewaambia wapangaji hayo kabla kahawa haijapoa. Angewaambia pia kwamba Chula iko karibu zaidi na Ras Kiamboni kuliko na Kismayu, jambo lisiloonekana na mtu anayeviandika visiwa vyote kama kituo kimoja, au anayevijumlisha na mji na kuridhika na wastani.

Hukumu yetu basi inawaangukia wanaoandika masharti. Mgawo wa chini wa kila kisiwa kinachokaliwa haupaswi kuwekwa kwenye mizani ya gharama ukashindane na urahisi wa gati. Uwekwe kwenye masharti, mahali ambapo mashine hairuhusiwi kuugusa. Uwezo wa mashua uandikwe kwa mwezi, si kwa mwaka, na miezi ya kusi kali isomeke sifuri au karibu na sifuri, ili hesabu yenyewe iwalazimishe kujaza maghala ya visiwani wakati wa kaskazi.

Tutajibiwa kwamba fedha hazipo. Ni kweli zimepungua: mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba wanaopata chakula cha dharura Somalia wangeshuka kutoka milioni 1.1 mwezi Agosti hadi 350,000 mwezi Novemba. Lakini ukata hauhalalishi kujificha nyuma ya kompyuta, na hapa hisabati yenyewe inawasuta. Katika hesabu hizi kila sharti lina kile wataalamu wanachokiita bei kivuli, yaani gharama inavyobadilika ukilikaza au kulilegeza kidogo. Na ukitaka kujua gharama ya kisiwa kizima, piga hesabu mara mbili, Chula ikiwemo na Chula ikiwa imetolewa, kisha toa moja kwenye nyingine. Kompyuta haitachoka. Kwa hiyo hakuna ofisa anayeweza kusema hakujua kuilisha Chula kungegharimu kiasi gani. Alijua, au alikataa kuuliza.

Tunataka kiasi hicho kichapishwe kila msimu, kisiwa kwa kisiwa, kibandikwe Kismayu ambapo wavuvi na mahamali watakisoma. Wafadhili wakikiona ni kikubwa, waseme wao, kwa sauti yao. Na sharti la kisiwa chochote likifutwa, jina la aliyelifuta na tarehe aliyolifuta viandikwe pembeni ya jibu la mashine.