Chelsea na Salah: Jicho Liliona, Subira Haikuwepo

Katika mabaraza yetu ya Pwani, kila Mohamed Salah alipowafungia Liverpool bao na kusujudu, hakukosekana mtu wa kuwacheka Chelsea. Ati walikuwa naye wakamwacha! Wala hakuwa peke yake. Kevin De Bruyne walimuuza kwa Wolfsburg Januari 2014, mwezi ule ule waliomnunua Salah kutoka Basel. Romelu Lukaku naye akauzwa kwa Everton mwaka huo huo.

Kicheko hicho nakielewa, lakini kina dhuluma ndani yake. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Mwenye kukata shauri leo apimwe kwa yaliyo mbele ya macho yake leo, si kwa yatakayozuka miaka mitatu baadaye. Tukipima hivyo, José Mourinho ana hoja. Msimu wa 2014/15 Chelsea walitwaa ubingwa wa Uingereza, na 2016/17 wakautwaa tena chini ya Antonio Conte. Isitoshe, Mourinho alisema baadaye kuwa yeye ndiye aliyetaka Salah anunuliwe, na kuwa kumuuza lilikuwa shauri la klabu.

Basi kosa li wapi? Si kwenye jicho. Salah aliwafunga Chelsea hao hao alipokuwa Basel, kwao na kwa wenyewe, wakamjua kwa maumivu. De Bruyne na Lukaku waliwaona wangali vijana wadogo Ubelgiji. Waama, waliochagua walichagua vyema. Kilichokosekana ni subira. De Bruyne alichezeshwa mechi 3 tu za ligi; Salah, kwa mwaka mzima, 13. Wangapi chuoni walikwama kwenye alifu na bee, mwalimu asiwafukuze, wakaja kuhitimu juzuu thelathini kabla ya wale waliokuwa wakiwacheka?

Gharama yake yajulikana. Salah alifunga mabao 32 ya ligi katika msimu wake wa kwanza Liverpool, 2017/18. De Bruyne alichukua ubingwa mara 6 akiwa na Manchester City. Na Lukaku, aliyeuzwa kwa pauni milioni 28, alinunuliwa tena 2021 kwa milioni 97.5, kisha baada ya msimu mmoja akaazimwa Inter Milan!

Wamiliki walioingia 2022 waligeuza mambo. Kijana akinunuliwa hufungwa kwa mkataba mrefu. Mykhailo Mudryk alipewa miaka 8 na nusu Januari 2023. Wapo wanaosema hiyo ndiyo dawa ya makosa ya zamani. Mimi sioni hivyo. Ile ilikuwa hesabu ya fedha: bei ya mchezaji hugawanywa kwa miaka ya mkataba wake, na miaka ikiwa mingi mzigo wa kila mwaka huonekana mwepesi. Mwaka huo huo wa 2023, UEFA na Ligi Kuu ya Uingereza zikaamua kuwa mgawo huo usizidi miaka 5. Karatasi haimpi kijana hata dakika moja uwanjani.

Aliyepewa dakika ni Cole Palmer. Alikuja 2023, akachezeshwa bila ya kutolewa kila alipoteleza, na msimu huo akafunga mabao 22 ya ligi. Na waliomwachilia aende ni Manchester City, wale wale tunaowasifu kwa kumlea De Bruyne.