Ngozi iliyolegea haiondoki kwa mafuta ya kupaka
Mwandishi, hapo uliposema ngozi itajirudi yenyewe baada ya kupungua uzito ukiwa na subira, nakupinga. Kijana wa miaka 20 aliyepungua kilo chache, sawa. Sisi tuliobeba mwili miaka na miaka, nyuzi zinazoivuta ngozi zimeshachoka, na hakuna krimu inayozirudisha zilivyokuwa. Kwa hiyo nyie mnaowanadia watu mafuta ya kitunguu, waacheni na hela zao. Mimi niko Nansio, nauza dagaa, nimepungua sana tangu sukari initishe. Shida yangu haikuwa urembo, ilikuwa fangasi chini ya mkunjo wa tumbo. Jua la mwaloni na jasho, ngozi inachubuka mpaka kutembea tabu. Nilipewa dawa zahanati, na sasa nikishaoga nakausha kabisa, naweka kipande safi cha khanga ya pamba katikati ya mkunjo, mchana nabadilisha. Kuhusu ngozi yenyewe, mazoezi yanajaza misuli kidogo, lakini ngozi iliyozidi huondolewa kwa upasuaji. Hospitali ya Muhimbili-Mloganzila wanafanya upasuaji rekebishi, ila uzito uwe umetulia miezi kadhaa kwanza, na mjue kovu refu linabaki. Halafu jamani, hasa wa Ukerewe wenzangu, mtu akipungua msimuulize kama ameanza dozi ya ARV. Mnamfanya aliyehangaikia afya yake atamani kunenepa tena ili tu mdomo wa mtaa unyamaze.