Kigari cha Wawili, Mgongo wa Mmoja

Umezuka ubishi kati ya vijana wenye watoto na wazee wao, na kwa kuwa umefika mpaka huku kwetu Kinampanda, nami naona nitie neno langu. Vijana wanaofanya kazi Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam huja likizo ya Desemba na vigari vya kusukumia watoto. Wengine wana ile aina ambayo leo hubeba mtoto mmoja, na kesho familia ikiongezeka hufungwa kiti cha pili, kikawa cha watoto wawili. Wazee wa rika langu hucheka. Husema huo ni uvivu wa mjini, kwani mama zetu walitulea kwa mbeleko na hakuna aliyepungukiwa kitu. Vijana nao hujibu kwamba dunia imekwenda mbele na wazee wamebaki nyuma. Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na wazee wenzangu wamekosea zaidi.

Nianze na vijana, maana kosa lao ni dogo. Kigari ni mtoto wa barabara ya lami. Mwaka 1965 Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege, alibuni kigari cha kukunjwa kama mwavuli, chenye fremu ya alumini na uzito wa kilo 3 hivi. Kilisifiwa kwa sababu mtu aliweza kukikunja na kupanda nacho basi. Hiki cha kugeuka cha wawili ni kitu kingine kabisa. Vingi huzidi kilo 12 kabla hata mtoto hajaketi. Mpakie wa miaka miwili na mdogo wake wa miezi sita, uzito wote unakaribia kilo 30 na zaidi. Sasa kisukume kwenye njia zetu za mchanga na makorongo ya mvua. Magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani, na mtoto wa kiti cha chini huvuta vumbi lote la njia. Bei ya baadhi ya vigari hivyo hununua ng'ombe mzima.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kuuliza rangi, uliza njia. Kama unakaa mtaa wenye lami na huna budi kununua, tazama mambo machache. Kuna vinavyokalisha watoto ubavu kwa ubavu, ambavyo hugeuka kwa urahisi lakini hukwama mlangoni. Na kuna vinavyokalisha mmoja mbele ya mwingine, ambavyo hupita mlangoni lakini ni virefu na vizito kupandisha kwenye kizingiti. Pima mlango wako kwa futi kamba kabla hujalipa. Mtoto ambaye hajaweza kuketi anahitaji kiti kinacholala, si cha kumkunja kidevu kifuani. Jaribu breki mahali penye mteremko ukiwa umepakia mfuko wa mchanga, si dukani kwenye sakafu sawa. Usining'inize kapu kwenye mkono wa kusukumia, kitapinduka. Wala usikifunike kwa khanga juani, maana joto hujifungia ndani na mtoto hana namna ya kulisema.

Hayo yanawatosha vijana. Sasa niwageukie wazee wenzangu wanaoisifu mbeleko.

Mbeleko haihitaji utetezi wetu. Ubora wake umekwisha kutambuliwa hata na wageni. Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani aliyefanya kazi Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko wameeleka watoto wao, akarudi kwao na kumfanya mama yake amshonee kitu cha namna hiyo. Mwaka 1969 wakakipatia hataza, kikauzwa Marekani kwa jina la Snugli. Kule Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 utaratibu wa kuwalaza watoto njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za kuwatia joto hazikutosha. Leo Shirika la Afya Duniani linaushauri ulimwengu mzima. Mtoto aliye karibu na mwili hutulia na hupata joto, na yule wa mgongoni hupanua miguu kwa namna inayofaa nyonga zake. Doti moja ya khanga inatosha: moja ya kumwelekea, moja ya kujitanda.

Lakini nauliza: ni nani anayeisifu mbeleko barazani? Ni mwanaume ambaye hajaifunga hata siku moja. Nimewaona, na msomaji umewaona, wakirudi kutoka mnadani: baba mbele na fimbo yake, mama nyuma ana mtoto mgongoni, mzigo kichwani na mtoto wa pili mkononi analia kwamba amechoka. Huyo wa mbele ndiye atakayefika nyumbani na kutuambia kwamba kigari ni uvivu. Uvivu wa nani? Mtu husifu mzigo kwa urahisi ukiwa mgongoni mwa mwenzake.

Na bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Kile kigari cha kugeuka kimetengenezwa kwa ajili ya swali moja: mtoto wa pili akizaliwa, wa kwanza atabebwa na nani? Wenye lami wamejibu kwa kiti cha pili. Sisi tumejibu vipi? Sisi tumejibu kwa binti wa miaka minane au tisa. Mgongo wake ndio kiti chetu cha pili.

Katika miaka yangu ya kazi nilizunguka shule nyingi za msingi za Iramba kukagua wanachuo wetu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kila nilipoketi nyuma ya darasa niliomba rejista ya mahudhurio, kwa kuwa rejista haina haya. Ulipofika msimu wa palizi, majina ya wasichana yalianza kupata alama za utoro, siku mbili, siku tatu, kisha wiki. Nikiuliza, mwalimu hujibu bila kushangaa, "Analea mdogo wake." Kaka yake wa darasa jirani alikuwapo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima. Ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 2001. Lakini binti huyu ameendelea kulipa ada isiyo na stakabadhi, nayo hulipwa kwa mgongo.

Basi tuache kubishana kuhusu magurudumu na vitambaa. Familia inayokua inahitaji mambo matatu kwanza.

La kwanza ni nafasi. Shirika la Afya Duniani hushauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ukijumlisha miezi tisa, mtoto wa kwanza atakuwa anakaribia miaka mitatu mdogo wake anapozaliwa. Huyo hutembea mwenyewe, na kile kiti cha pili karibu kinakosa wa kukikalia. Wenye mapacha nawatoa katika hesabu hii. Wengine wote inatuhusu. Uzazi wa mpango si habari ya jana katika nchi hii, maana UMATI ilianza mwaka 1959.

La pili ni msaada wa jirani na kijiji. Chumba kimoja cha chekechea na mama mmoja anayelipwa vizuri wakati wa palizi vinaweza kurudisha mabinti wengi darasani kuliko hotuba zetu zote.

La tatu, na gumu kuliko yote, ni baba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Baba ilimpa siku 3. Siku tatu hazitoshi hata kujifunza kufunga nepi! Na mkulima, asiye na mwajiri wa kumhesabia siku, ana mwaka mzima, lakini ni wangapi wameitumia hata hiyo mitatu?

Nitaambiwa kwamba mila hairuhusu mwanaume kueleka mtoto. Mila hiyo hiyo ilisema kuchota maji ni kazi ya mwanamke. Baiskeli ilipokuja na dumu la maji likapata bei, wanaume walikwenda kisimani alfajiri wala hapana mila iliyowazuia. Mila zetu zina mlango, na ufunguo tunao sisi wanaume.

Hapo ndipo ninapokitendea haki kile kigari ninachokiona hakifai mchanga wetu. Kina sifa moja ambayo wazee hawakuiona walipokuwa wakicheka: anayekisukuma mara nyingi ni baba. Kijana ambaye angeona haya kujifunga khanga mgongoni hukisukuma mtoto wake mchana kweupe mbele ya wazee, na mkewe anatembea mikono mitupu. Kama ni magurudumu yatakayomtoa mwanaume haya, basi na yaje. Lakini asiye na magurudumu ana mgongo, nao hauuzwi dukani. Autumie, binti yake aende shule.