Kisu Poa cha Mfukoni ni Kile Hakitishi Mtu

Wasee, kila nikiposti picha za kupanda mlima, lazima mtu aingie inboksi aniulize: "Buda, ninunue kisu gani cha kukunja?" Halafu anatuma picha. Karibu kila mara ni kile kile: kikubwa, cheusi, kinafunguka kwa springi, kina meno kama ya msumeno, na fuvu la kichwa limechorwa kwa mpini. Bei yake ni ya kutupa.

Jibu langu ni moja, na najua kuna wenye hawatalipenda: achana nacho. Kisu poa cha mfukoni ni kidogo, ni chepesi, kina loki inayoshika, na unaweza kukinoa mwenyewe. Kikikaa kama kitu cha shosho cha kumenyea machungwa, hapo umepata.

Anza na kazi, picha baadaye. Mbogi ikienda Longonot ama Ngong Hills, kisu kinafanya nini? Kinakata avokado na nyanya za kachumbari. Kinakata kamba ya hema, bandeji mtu akiteleza, na blada ya kufungia mzigo kwa baiskeli. Hakuna hata moja ya hizo kazi inataka makali marefu kuliko sentimita 8 hivi. Yale meno ya msumeno yanasaidia kwa kamba nene, sikatai, lakini nyanya yanairarua tu, na kuyanoa ni shughuli ya wataalamu.

Sasa uzito. Simu yako ina karibu gramu 200. Kisu cha gramu 200 ni kama kubeba simu ya pili isiyo na kamera wala data. Ukikimbia na kaptura, kinakugonga paja kila hatua. Ukipanda Mlima Kenya kuelekea Point Lenana, mita 4,985, kila kitu cha ziada utakihisi kwa magoti. Na kitu kikikusumbua, safari ijayo utakiacha keja, na kisu kilichobaki keja hakikati kamba ya mtu. Mpaka wangu ni gramu 100. Chini ya 60 ndiyo tamu.

Inawezekana? Angalia Opinel namba 8. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake huko Savoie, Ufaransa, mwaka wa 1890. Namba 8 ina mpini wa mti, makali ya sentimita 8.5, na uzito wote haufiki gramu 50. Mwaka wa 1955 iliongezwa pete ya chuma pale shingoni: ukishafungua kisu, unaizungusha na makali hayarudi. Ni kitu rahisi hivyo, na bado kinafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba mti ukilowa unafura, na kufungua kunakuwa vita. Kama wewe ni mtu wa maji, tafuta mpini wa plastiki ngumu ama wa alumini.

Ama angalia Victorinox. Karl Elsener alifungua karakana Ibach, Uswisi, mwaka wa 1884, na kufikia 1891 alikuwa anapelekea jeshi la nchi yake visu. Kile chao kidogo kinaitwa Classic, urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa, kina kama gramu 20 tu. Ndani kuna makasi, kibano na kijiti cha meno. Makasi utatumia kuliko unavyofikiria. Ila hakina loki, kwa hivyo ni cha kazi nyepesi. Usikisukumize kwa kitu kigumu.

Hiyo loki ndiyo sehemu ya kutofanya mchezo. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ndio udhaifu wake. Loki ikiteleza, makali yanarudi moja kwa moja kwa vidole vilivyoshika mpini. Hapo ndani kuna kano zinazokunja vidole. Zikikatika, plasta haisaidii, ni upasuaji. Kwa hivyo ukiwa dukani, fungua kisu, shika mgongo wa makali, tikisa juu chini, kushoto kulia. Kikicheza, rudisha. Halafu sukuma mgongo polepole kama unataka kukikunja bila kufungua loki, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Loki ikiachia, rudisha. Angalia pia kama kiungo kina skrubu ya kukaza na bisibisi. Ukinunua mtandaoni, fanya haya siku kikifika, kabla siku za kurudisha bidhaa ziishe.

Tukuje kwa chuma. Muuzaji atakwambia ni chuma cha pua. Muulize kipi. Chuma cha 420 hakishiki kutu haraka, lakini ni laini, na makali yanaisha upesi. D2 inashika makali muda mrefu, lakini si chuma cha pua kamili. Ipeleke Diani ama Lamu na hewa ya chumvi, usipoipangusa itaanza kutoa madoa, na kuinoa ni jasho. Mimi napenda vya katikati, kama 12C27 ama 14C28N vya Uswidi: havisumbui na kutu, na vinanoleka bila drama. Kama muuzaji hajui ni chuma gani, na hakuna mahali kimeandikwa, basi usilipe bei ya kitu kinachojulikana.

Kunoa nako, tafadhali usikimbilie gurudumu la umeme. Makali ya kisu kidogo ni membamba, na gurudumu likiyapasha moto hadi yageuke bluu, ugumu wa chuma umeenda. Nunua kinoo cha pande mbili, ule upande wa kukwaruza na ule laini. Laza kisu kwa nyuzi kama 20, pitisha huku na huku kwa idadi sawa, halafu jaribu kwa karatasi. Ukitoka safari, osha, kausha vizuri, weka tone la mafuta kwenye kiungo. Ni dakika tano, na kisu kinaweza kukukalia miaka na miaka.

Kuna wenye watasema, "Si nibebe tu kisu cha jikoni nikifunge kwa gazeti?" Kukata kitakata fiti. Lakini gazeti likilowa, ncha inatoboa bag, na ukiteleza kwa mteremko na hiyo bag mgongoni, ni noma. Faida ya kukunja ni hiyo: makali yanalala ndani ya mpini.

Sasa ile kitu hatupendi kusema. Wengi wanaotaka kile cheusi chenye fuvu hawatafuti kisu cha kukata kamba. Wanataka kujisikia salama wakishuka stage usiku. Naelewa kabisa, hii Nairobi tunaishi sisi wote. Lakini ukichomoa kisu mbele ya mtu aliyekuja kuchukua simu, umeweka maisha yako mahali palikuwa na simu. Na huenda yeye ako na kikubwa kuliko chako, na hajakuja peke yake.

Halafu kuna karao. Sheria yetu ya utulivu wa umma inasema kuwa na silaha mahali pa umma bila sababu halali ni kosa, na kuthibitisha hiyo sababu ni juu yako. Kifungu cha 308 cha Sheria ya Adhabu ni kizito zaidi: ukipatikana na silaha hatari katika hali inayoonyesha ulikusudia uhalifu mkubwa, ni kifungo cha miaka 7 hadi 15. Kisu kidogo cha mpini wa mti, ndani ya bag yenye hema, sufuria na avokado, kinajieleza chenyewe. Kile cha fuvu, kiunoni mwa kijana wa miaka 19 saa nne usiku, utakieleza wewe, na sijui kama kuna mtu atakusikiza. Si haki vile vijana wa mtaa wanatazamwa, lakini hupunguzi hiyo shida kwa kubeba kitu kinachofanana na hiyo dhana.

Kwa hivyo ukiwa tao, kiache keja. Kwa ndege, kiende na mzigo wa chini, usijaribu kuingia nacho ndani. Kwa SGR mizigo inakaguliwa, usitarajie kupita nacho. Na kwa safari ya mlima, kikae ndani ya bag hadi wakati wa kazi.

Kabla ununue, andika vitu vitatu unataka kukata mwezi huu. Ukipata kamba, avokado na boksi, chukua kisu kidogo, utafurahi. Ukipata "mtu", hata kama ni wa kujitetea tu, hiyo doo nunua taa ya kichwa, na upande mathree mapema.