Simu ni Mlango wa Nyumba: Turudishe Adabu ya Kubisha Hodi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika mwambao huu wa Ziwa Viktoria simu inayolia usiku si jambo jepesi. Wavuvi wa dagaa hutoka katika siku za giza, mwezi usipoonekana, wakawasha taa zao majini hadi karibu na alfajiri. Huku nyumbani mke hulala na simu kando ya mto. Watu wa Mwanza, Ukerewe na Bukoba hawajaisahau tarehe 21 Mei 1996, ilipozama MV Bukoba, wala tarehe 20 Septemba 2018, ilipopinduka MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara. Kwa familia za hapa, mlio wa ghafla baada ya Isha huleta hofu kwanza, kabla haujaleta maneno.

Jirani yetu mmoja, ambaye mumewe ni mvuvi, alipigiwa simu saa nne usiku. Aliamka moyo ukimwenda mbio, akapokea mikono ikitetemeka. Sauti iliyorekodiwa ikamtangazia kwamba anaweza kujishindia mamilioni, abonyeze tu namba moja. Aliikata. Lakini usingizi haukurudi, akabaki macho mpaka mumewe alipobisha hodi asubuhi. Hakupoteza hata shilingi moja. Je, tuseme hakuibiwa kitu?

Hapa ndipo ilipo nia ya makala hii. Tumezoea kuzungumza juu ya simu hizi pale tu mtu anapotapeliwa fedha. Haki ya nyumba, hata hivyo, huvunjwa kabla ya fedha kuguswa. Simu ni mlango, na dini yetu imekwishatufundisha nani anaingia mlangoni, kwa ruhusa ya nani, na kwa saa ipi.

HODI NI AMRI, SI MILA TU

Katika Suratun-Nur (24:27-28) Allah (S.W) amewakataza waumini kuingia nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Kisha ikaongezwa kwamba wakiambiwa warudi, basi warudi, na kufanya hivyo ni usafi zaidi kwao. Tuzingatie vizuri, ndugu zangu. Mwenye nyumba hakutakiwa kutoa sababu. Hakuambiwa aone haya. Aliyetakiwa kuwa mnyenyekevu ni yule anayebisha.

Katika sura hiyo hiyo (24:58) zimetajwa nyakati tatu za faragha: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Sala ya Isha. Katika nyakati hizo hata watoto wa nyumba ambao hawajabaleghe wameamrishwa kuomba ruhusa. Ikiwa mtoto uliyemzaa anabisha hodi chumbani mwako baada ya Isha, mfanyabiashara usiyemjua amepata wapi ruhusa ya kukuamsha saa nne ya usiku?

Sunna nayo imeweka idadi. Abu Musa Al-Ash'ari (R.A) alibisha hodi mara tatu kwa Umar (R.A), hakujibiwa, akaondoka. Alipoulizwa, alieleza kwamba hivyo ndivyo Mtume (S.A.W) alivyofundisha, na Abu Said Al-Khudri (R.A) akatoa ushahidi. Babu zetu wa pwani na bara walilijua hilo. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukiona kimya, unageuza njia. Leo namba moja hupiga mara saba tangu asubuhi mpaka jioni, na ukiizuia, hutumwa nyingine ikuendee.

"NI MIMI" SI JIBU

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Jabir bin Abdillah (R.A) aligonga mlango wa Mtume (S.A.W). Alipoulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye, bila kutaja jina. Mtume (S.A.W) akalirudia neno hilo la "mimi" kama mtu aliyechukizwa nalo. Hakuwa adui wala mgeni. Alikuwa sahaba mpendwa mwenye haja ya kweli, iliyohusu deni la marehemu baba yake. Pamoja na hayo alifundishwa kujitambulisha.

Sasa tutazame simu zinazoingia majumbani mwetu. Mmoja hudai anatoka "makao makuu". Mwingine hujiita mwalimu wa shule ya bweni, akasema mtoto wako ameanguka, yuko hospitali, tuma fedha haraka. Mwingine hutuma ujumbe wa kuagiza ile pesa itumwe kwenye namba hii, akitumaini kumpata mtu aliyekuwa na deni la kulipa. Wako pia wanaojiita waganga, wanaoahidi utajiri kwa masharti ya kishirikina. Hawa wote wana sifa moja: ukiwauliza wao ni nani hasa, hawana jibu linaloweza kuthibitishwa.

ALIYECHUNGULIA KABLA YA KUBISHA

Liko jambo la tatu, nalo ni zito zaidi. Mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (S.A.W), naye Mtume (S.A.W) akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya macho. Maana yake, mwenye kuchungulia amekwishaingia hata kama miguu yake iko nje.

Mpigaji wa leo anapokuita kwa majina yako matatu, akataja mtaa wako na kazi yako, jiulize aliyapata wapi. Huyu alichungulia kwanza, ndipo akabisha. Mfano mbaya kuliko yote ni baadhi ya mikopo ya mitandaoni ambayo wananchi wameiita "kausha damu". Programu yake huchukua orodha yote ya majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji. Siku akichelewa kulipa, wanapigiwa mama mkwe, mwajiri na jirani kutangaziwa deni lake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Riba ni haramu, hilo twalijua. Lakini hapo imeongezwa fedheha, nayo Qur'an (2:280) imeagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi.

WANAOTETEA WANASEMAJE?

Wako wanaosema kwamba biashara ni halali, na kijana anayepiga simu hizo anatafuta riziki. Ni kweli. Kijana huyo mara nyingi ni mtoto wetu wa Igoma au Buhongwa, amepewa orodha ya namba na atalipwa kwa idadi ya wateja atakaowapata. Hafai kutukanwa. Ulimi wa Muislamu hauruhusiwi matusi kwa sababu tu hauonekani. Lakini Qur'an (4:29) imeihalalisha biashara iliyo ya kuridhiana, na maridhiano hayaanzi kwa kumvizia mtu ndani ya nyumba yake.

Wengine husema: asiyetaka kusumbuliwa aizime simu. Waulizeni wake wa wavuvi kama wanaweza kuizima. Waulizeni wenye wagonjwa Bugando. Mlango haukuwekwa ili ufungwe siku zote kwa hofu ya wapita njia. Umewekwa ili wenye haki wapite.

Isitoshe, sheria ya nchi nayo iko upande wa mwenye nyumba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka tangazo la biashara litumwe kwa ridhaa ya mteja, mtumaji ajitambulishe, na mteja apewe njia ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Hata hivyo tusidhani sheria peke yake inatosha. Marekani ilianzisha mwaka 2003 daftari la taifa la namba zisizotakiwa kupigiwa na wauzaji. Wauzaji wenye kuogopa sheria waliacha, matapeli wakaendelea. Asiyejizuia mwenyewe hutafuta tundu kwenye kila ukuta.

TUFANYE NINI MAJUMBANI?

Kwanza, tumuulize kila asiyejulikana: wewe nani, unatoka wapi, namba yangu umeipata wapi? Akishindwa kujibu, mazungumzo yameisha.

Pili, tuseme "hapana, sihitaji, usinipigie tena" mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha tukate. Wazee wetu wengi hushindwa hapa. Wanaona kukata simu ni utovu wa adabu, wakabaki wakisikiliza mpaka wakanaswa. Wafahamishwe kwamba kumrudisha anayebisha ni haki waliyopewa na Mola wao.

Tatu, tuthibitishe kabla ya kutenda, kama ilivyoagizwa katika Suratul-Hujurat (49:6) kuhusu habari iletwayo na mtu fasiki. Ukiambiwa mtoto ameanguka shuleni, kata, kisha ipigie shule kwa namba uliyonayo tangu zamani. Dakika mbili za subira zimeokoa mtaji wa watu. Namba ya siri na tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye ujumbe hasomewi mtu yeyote, awe amejiita nani.

Nne, tutoe taarifa. Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenye namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kisha yafuatwe maelekezo ya kuitaja namba iliyoutuma. Tupige pia *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chetu, kwani huenda namba inayowasumbua wenzetu imefunguliwa kwa jina lako. Kunyamaza baada ya wewe kunusurika ni kumwachia jirani yako shimo ulilokwishaliona.

Tano, familia ikae pamoja jioni moja. Mjukuu amfundishe bibi jinsi ya kuizuia namba, na bibi aambiwe waziwazi kwamba akitapeliwa hatachekwa. Wengi huficha hasara yao kwa aibu, tapeli akarudi kwao mara ya pili kwa jina jingine.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwalaumu wengine. Tujitazame. Ni mara ngapi karatasi ya mahudhurio ya semina, yenye majina na namba za kina mama, imeachwa wazi kwenye kibaraza cha msikiti? Ni mara ngapi fomu za madrasa zimegeuka karatasi za kufungia maandazi? Ni nani kati yetu hajawahi kuingizwa kwenye kundi la michango ya harusi bila kuulizwa, akaanza kukumbushwa ahadi ambayo hakuitoa? Na mfanyabiashara wetu wa Makoroboi anayewatumia matangazo wateja wote waliowahi kununua kwake, aliwaomba ruhusa lini?

Namba ya mtu ni amana. Aliyekupa kwa ajili ya darasa hakukupa kwa ajili ya biashara. Kamati za misikiti zingefanya vyema kukabidhi orodha hizo kwa mtu mmoja mwaminifu, kuzichana zinapokwisha kazi, na kutompa namba ya muumini mtu mwingine kabla ya kumuuliza mwenyewe. Na tunapopiga simu, hata kwa heri, tuanze na salamu, tutaje majina yetu, tuulize kama ni wakati mzuri, na tusipojibiwa mara ya tatu tusubiri.

Tukiyafanya haya, hatutakuwa tumewazuia matapeli wote. Lakini tutakuwa tumezirudishia nyumba zetu heshima yake, na mama yule aliyelala na simu kando ya mto, itakapolia usiku, atajua kwamba ni mtu mwenye haki ya kumwamsha.

Tunamuomba Allah (S.W) azihifadhi nyumba zetu, awarudishe salama walioko majini, na atujaalie kuwa wenye kubisha hodi kabla ya kudai kubishiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.